Wadudu wa Ishango, mwezi wa Gisenyi

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ya Goma iligeuka nyekundu. Kwenye mtaa wetu wa Katindo tulitoka nje wote, wakubwa kwa wadogo, na kwa dakika kama kumi tukawa bunge. Jirani wa kwanza alisema hiyo ni volkano ya Nyamulagira, inawaka huko mbali ndani ya mbuga kama ilivyozoea, turudi ndani bugali unapoa. Wa pili akasema hapana, ni volkano ya pili, Nyiragongo yenyewe, na moto unakaribia uwanja wa ndege. Wa tatu alikuwa mzee wa heshima zake, fundi seremala, mtu asiyependa maneno mengi. Aliinua kidole juu ya mapaa, akakata shauri: "Bwana, ule moto iko Ndosho. Miye naona na macho yangu."

Wote watatu walikuwa wanatazama wingu lilelile.

Tulikuja kujua baadaye kwamba ubavu wa Nyiragongo ndio uliopasuka, na kwamba lava ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mtaa wa Ndosho haikufika. Kwa hiyo jirani wa pili ndiye aliyesema kweli, lakini msimpe sifa ya jicho kali: dada yake anakaa Buhene na alikuwa amempigia simu.

Wingu linalomulikwa kutoka chini halina kipimo. Nyumba ina mlango, na urefu wa mlango tunaujua. Mti una matawi, lori lina magurudumu. Wingu jekundu usiku halina chochote cha kukuambia kama ni dogo na liko juu ya kichwa chako au ni kubwa na liko kilomita kumi na tano kutoka hapo. Mtu mwenye busara angejibu, "Sijui." Ubongo haujui kusema hivyo. Unachagua jibu moja, kisha unakukabidhi jibu hilo likiwa limeshavaa sura ya kitu kilichoko nje. Mzee wetu hakusema uongo. Ndosho aliiona.

Tangu usiku ule nina ugomvi na sentensi hiyo ya kuona na macho yangu. Mjini kwetu ndiyo inayofunga kesi. Familia ikigombana, aliyeona anaaminiwa kuliko aliyesikia. Mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, aliyeona anaketi mbele. Mwongo tunajua namna ya kumshughulikia, tuna uzoefu wa miaka mingi. Anayenisumbua mimi ni mkweli aliyeona kisichokuwepo.

Chukueni mwezi. Mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka 12, alikuwa kwangu jioni moja ambapo mwezi mpevu ulichomoza nyuma ya vilima vya Gisenyi, upande wa Rwanda. Ulikuwa mkubwa kama beseni la kufulia, rangi ya chungwa bivu. Akakimbia kuchukua simu ya mama yake, akapiga picha, akaitazama, akapiga tena. Kila picha ilitoa kitone cheupe, kama punje ya mchele iliyoanguka kwenye kitambaa cheusi. "Baba mudogo," akaniuliza, "telefone ya mama iko na shida?"

Telefone ilikuwa nzima kuliko sisi. Mwezi unachukua takriban nusu digrii ya anga, uwe unachomoza au uko utosini. Nyosha mkono, shika punje moja ya hindi kwenye ncha za vidole, utaufunika wote, saa moja jioni na saa sita usiku vilevile. Kibaya zaidi, mwezi ukiwa juu ya vilima uko mbali nasi zaidi kuliko ukiwa utosini, kwa karibu kilomita 6,000, yaani nusu ya unene wa dunia. Taswira yake ndani ya jicho wakati huo ni ndogo kidogo. Tunapouona mkubwa ndipo ulipo mdogo.

Swali hili lina umri. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Cairo, aliandika kwamba kuona hakumaliziki jichoni. Kunamalizikia ndani, penye akili inayopima, inayolinganisha na kukumbuka. Kuhusu mwezi alisema kwamba ukiwa chini, kati yetu na wenyewe kuna vilima, miti, mapaa, vitu vingi vya kuhesabia umbali, kwa hiyo tunauhisi uko mbali. Na kitu kilicho mbali ambacho bado kinachukua nafasi ileile jichoni, lazima kiwe kikubwa. Ubongo unakifanyia hesabu na kukikuza. Wataalamu bado wanabishana kama hiyo ndiyo sababu yote, na mimi sina haraka ya kuwapatanisha. Mwitaliano Mario Ponzo alikuja kuonyesha jambo hilohilo kwa penseli mwanzoni mwa karne ya 20: chora mistari miwili inayokaribiana kuelekea juu, kama barabara ya Sake inavyosinyaa mbele yako, kisha weka vijiti viwili vyenye urefu sawa, kimoja chini na kingine juu. Cha juu kitarefuka.

Kwa nini ubongo uwe na tabia hii? Kwa sababu umepewa kazi isiyowezekana. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, retina, ambapo dunia yote yenye kina na mabonde inaangukia ikiwa bapa, tena kichwa chini miguu juu. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali wa kweli ni ndogo: inafunika kiasi cha ukucha wa dole gumba, mkono ukiwa umenyooshwa. Kwingine kote ni ukungu ambao hatujui kama ni ukungu, kwa kuwa jicho linarukaruka mara kadhaa kila sekunde kwenda kuleta kipande kingine. Kutoka kwenye vipande hivyo ndipo tunajengewa ziwa, kisiwa, na uso wa mama.

Tena kuna tundu. Pale neva inapotoka jichoni kwenda ubongoni hakuna chembe za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua doa hilo katika miaka ya 1660, nawe unaweza kuligundua sasa hivi bila kulipa kitu. Chora msalaba kwenye karatasi, na kulia kwake, sentimita 8 mbele, weka nukta nene. Funga jicho la kushoto, kazia jicho la kulia kwenye msalaba, sogeza karatasi polepole mpaka kama sentimita 30 kutoka usoni. Nukta itatoweka. Doa hilo ni pana kiasi cha kumeza miezi mipevu kumi iliyopangwa mstari, na unatembea nalo tangu kuzaliwa. Kinachonishangaza si kutoweka kwa nukta. Ni kwamba hapo ilipotoweka hubaki karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa na mistari, hubaki mistari. Ubongo umeshona kiraka kwa kitambaa kilekile, kama fundi wa nguo mwenye aibu ambaye hataki mteja ajue kulikuwa na shimo.

Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika miaka ya 1860, ndiye aliyeipa kazi hii maelezo ambayo hadi leo hayajapitwa sana: kuona ni kukisia, lakini ni kukisia tusikokujua wala kukuamuru. Ndiyo maana maelezo hayaponyi. Mtoto wa kaka yangu sasa anajua habari za nusu digrii na za punje ya hindi, anaweza kuwafundisha wenzake, na mwezi wa Gisenyi bado anauona beseni. Hata mimi.

Niseme kidogo kuhusu neno letu. Waswahili walishaita mambo ya namna hii kiinimacho, wakimaanisha hasa mchezo wa mtu anayetoa yai sikioni kwa mtoto. Neno ni zuri lakini linatupotosha kidogo, maana linaweka ujanja kwa mtu wa nje. Wingu la Mei 2021 halikuwa na mjanja yeyote nyuma yake.

Mjanja yupo sokoni, lakini hata yeye hajui jina la anachokifanya. Nenda Kituku asubuhi, sambaza wanapotoka ziwani. (Samaki mwenyewe ni mgeni, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo hakuna anayemuuliza karatasi.) Mama muuzaji anawapanga kwenye visahani vidogo, wamejaa mpaka ukingoni, wanamwagika. Jirani yake ana fungu lilelile kwenye sinia pana. Wanunuzi wanakwenda kwa wa kwanza. Nimewahi kusimama hapo nikimsikia mteja akibishana: "Mama, ya kwako iko kidogo, ona sahani iko wazi!" Sahani ilikuwa wazi kweli. Samaki walikuwa sawa.

Jambo hili lilichorwa mwaka 1865 na Mbelgiji Joseph Delboeuf: duara likizungukwa na duara kubwa linaonekana dogo, likizungukwa na la karibukaribu linaonekana kubwa. Ni mwaka uleule Leopold wa Pili alipokalia kiti cha ufalme huko Brussels. Kati ya Wabelgiji wawili wa mwaka huo, mimi namshukuru Delboeuf.

Wauza maharagi na unga walishaliona tatizo hili zamani na wakalitibu kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya unga. Hakuna kuangalia kwa jicho, ni kopo limejaa au halijajaa. Bila shaka kopo nalo lilipata watu wake, wale wanaolibonyeza kitako kwa ndani, na wateja wakajifunza kuligeuza kwanza kabla ya kulipa. Napenda sana ishara ile ya mama kugeuza kopo la mwenzake bila kusema neno na bila mtu kununa.

Lakini kuna mahali pasipo na kopo. Umeme ukikatika mtaani kwetu, na mnajua unavyokatika, macho hubadilisha zamu. Chembe za retina zinazotofautisha rangi zinahitaji mwanga wa kutosha. Gizani zinalala, zinaamka nyingine zinazoona vivuli tu na zisizoijua rangi nyekundu kabisa. Mcheki Jan Purkyně aliliona hilo mwanzoni mwa karne ya 19 akiangalia maua alfajiri: jekundu lililong'aa mchana lilikuwa karibu jeusi, na la buluu likawa linang'aa kulishinda. Miaka michache iliyopita, usiku usio na umeme, mwizi aliruka ukuta wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walioamka walisema, na hawakupishana, kwamba alivaa koti jeusi. Kijana wa mtaa aliyekuwa anarudi nyumbani na koti jeusi mwilini alizungukwa na watu kabla hajajua ni nini. Aliokolewa na shangazi yake, mwanamke mwenye sauti. Mimi sikujua wakati ule, na sijui hadi leo, mwizi alivaa koti la rangi gani. Najua tu kwamba hakuna mtu katika kundi lile, hata mwenye macho ya mwewe, aliyekuwa na uwezo wa kulijua jeusi na jekundu saa ile. Wote walikuwa na hakika. Tena walikubaliana, na kukubaliana kwao kukahesabika kama ushahidi wa pili, ilhali macho kumi yenye kasoro moja ni jicho moja.

Barabarani pia: Mmarekani Herschel Leibowitz alitoa hoja mwaka 1985 kwamba kitu kikubwa kinachokuja huonekana kwenda polepole kuliko kidogo chenye kasi ileile. Yeye alikuwa na treni akilini. Mimi nawaza lori la Fuso linaloteremka, na mtu wa miguu anayesema, bado liko mbali, napita.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwa kweli ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana kinatoka huku kwetu na kimezunguka dunia kuliko yeyote kati yetu.

Katika miaka ya 1950 Colin Turnbull, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Uingereza, alikaa na Wambuti wa msitu wa Ituri. Siku moja alitoka msituni kwa gari na kijana mmoja, Kenge, wakaenda hadi Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya mbuga tunayoiita leo Virunga. Kenge alikuwa ameishi chini ya miti, mahali ambapo kitu cha mbali kabisa kiko hatua chache mbele ya pua. Uwanda ukafunguka. Mbali sana, kilomita kadhaa, nyati walikuwa wanakula majani. Kenge akauliza wale ni wadudu gani.

Alipoambiwa ni nyati alicheka sana, akasema waache uongo wa kijinga. Gari likasogea, wadudu wakaota pembe. Kenge akawaona wakikua, akanong'ona kwamba ni uchawi. Hata alipokubali kwamba ni nyati wa kweli, alitaka kujua kama walikuwa wadogo wakakua ghafla, au kuna hila. Mashua ya wavuvi katikati ya ziwa aliiona kipande cha mti kinachoelea. Turnbull alichapisha habari hiyo mwaka 1961 katika jarida la saikolojia la Marekani, na tangu hapo Kenge anafundishwa madarasani hadi leo, karibu kila palipo na somo la saikolojia.

Nimesikia kisa hicho kikisimuliwa hapa Goma pia, na watu waliosoma, wakicheka. Wanakisimulia kama kisa cha mtu asiyejua kuona. Mimi nakisoma kinyume. Msituni mwake Kenge angekuongoza wewe na mimi usiku kwa sauti ya majani. Alichokosa Ishango si jicho. Alikosa mazoezi ya umbali mrefu, kwa sababu msitu haukuwahi kumpa umbali mrefu wa kufanyia mazoezi. Na kila mmoja wetu ana Ishango yake. Mara ya kwanza ndege iliponipaisha kutoka hapa mjini, niliangalia chini nikaona chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inasukumwa na siafu. Sikuona watu wadogo kwa mbali. Niliona siafu, na ilichukua muda akili kuwageuza watu. Umbali wa kwenda mbele tunaufanyia mazoezi kila siku, umbali wa kwenda chini hatuna.

Yule Helmholtz mwenyewe, baba wa nadharia ya kukisia, alieleza kwamba alipokuwa mtoto Potsdam alipita na mama yake karibu na kanisa la kambi ya askari, akaona watu juu kwenye mnara. Alidhani ni wanasesere, akamwomba mama yake anyooshe mkono amchukulie. Najua, alikuwa mtoto mdogo, na Kenge alikuwa kijana mzima. Lakini kosa ni lile lile, lenye sababu ile ile. La Potsdam linasimuliwa kama utoto wa mtu mwenye akili nyingi. La Ishango limegeuzwa cheti cha kabila zima, kutokana na alasiri moja ya mtu mmoja. Na kuna jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha: ni hapo hapo Ishango ambapo Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mafungu, wenye umri wa takriban miaka 20,000, ambao wengi wanauhesabu kati ya vifaa vya kale kabisa vya kuhesabia duniani. Uko Brussels.

Mwaka 1966 Wamarekani watatu, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, walitoa matokeo ya kazi kubwa zaidi ya alasiri moja. Walikuwa wamepeleka michoro katika jamii zaidi ya kumi, nyingi zikiwa Afrika. Mchoro mmoja ni wa Mjerumani Franz Müller-Lyer, wa mwaka 1889, nanyi mmeuona: mistari miwili sawa, mmoja ncha zake zimefungwa kama mshale wa pande mbili, mwingine ncha zimefunguka nje kama mkia wa samaki. Wenye mikia unaonekana mrefu. Nani alidanganyika zaidi? Watu wa Evanston, mji ulio jirani na Chicago. Ilibidi mstari mmoja urefushwe kwa karibu sehemu ya tano ndipo wauone sawa na mwenzake. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa.

Kwenye mchoro mwingine, wa mstari uliosimama na uliolala, mambo yaligeuka: Batoro na Banyankole wa Uganda, majirani zetu wa nchi za wazi, walikuwa miongoni mwa waliouona uliosimama mrefu mno.

Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba mtu aliyekulia kwenye nyumba za pembe mraba amezoea kona. Kona ya ndani ya chumba, iliyo mbali, ina mikia. Kona ya nje ya nyumba, iliyo karibu, ina mshale. Ubongo wake ukiona mikia unasema "mbali", na kilicho mbali unakikuza, kama mwezi. Waliiita dunia ya maseremala. Ningependa waje Goma. Hapa tumejenga mji mzima wa mbao na manjanja, yaani mabati, juu ya mawe ya lava, kona juu ya kona, hata choo ni sanduku. Kama nadharia ni ya kweli, hakuna mji unaostahili kudanganyika kuliko huu.

Nadharia yenyewe lakini imepata jeraha. Mwaka 2015 ilitoka habari ya watoto 9 wa India, waliozaliwa vipofu kwa mtoto wa jicho na kufanyiwa upasuaji wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 16. Walionyeshwa mshale na mikia, na vijiti vya Ponzo, ndani ya siku mbili tangu wapate kuona. Hawakuwa wamewahi kuona kona ya chumba maishani. Walidanganyika palepale.

Wapo wanaosema basi, mambo ya utamaduni yaishe, macho ni mamoja. Mimi sikubaliani haraka hivyo. Naona ubongo unazaliwa na sehemu ya makisio yake tayari, kama mtoto anavyozaliwa akijua kunyonya, na maisha yanaongeza au kupunguza juu yake; tofauti ya Evanston na Kalahari haifutiki kwa watoto 9. Pia nashuku kwamba walichopimwa Wasan si macho peke yake, ni pamoja na kuzoea kuisoma karatasi bapa kana kwamba ina kina ndani, ustadi ambao aliyesoma shule anausahau kuwa ni ustadi. Lolote litakalothibitika, lile cheko juu ya Kenge limekosa mguu wa kusimamia. Watu wa Evanston ndio walioongoza kwa kudanganyika na mshale.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee seremala michoro ile. Alikuwa kwenye karakana yake, penseli sikioni, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nilichukua kaa la moto lililozimika nikamchorea mistari miwili kwenye ubao, mshale juu, mikia chini. Akasema ya chini ni mrefu, hakuna haja ya kuuliza, mtoto anaona. Nikamwambia, "Papa, pima." Akatoa mita yake mfukoni, akapima wa juu, akapima wa chini, akarudia wa juu. Sentimita 40 na 40. Alinyamaza kidogo. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja kama anayekagua ubao uliopinda.

"Iko sawasawa," akasema. "Lakini hii ya chini iko murefu."

Nikamkumbusha kuhusu Ndosho. Alicheka, akanipiga begani kwa mkono wenye gundi, kisha akaigeuza mita upande wa pili na kuendelea kupima mlango wa watu.